Dumu la Pombe Lililokungoja

Gahanga, Kigali
Tarehe 13 Agosti 2025

Mpendwa mdogo wangu Silvère,

Pokea salamu zangu kutoka huku kilimani. Hujambo wewe? Mkeo na watoto wa huko Kigoma hawajambo? Presha yako je, bado unameza dawa au umeziacha kama kawaida yako? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu, isipokuwa goti langu la kushoto ambalo halinipi raha msimu huu wa vumbi. Nimeanza na afya yako kwa sababu ndivyo mama alivyotulea kule Bwiza: hata mwenye hasira husalimia kwanza. Basi, nimeshasalimia.

Naandika kwa sababu simu yangu hupokei. Karangwa atakukabidhi barua hii mkononi akija huko kuchukua dagaa.

Posa ya mwanao Natacha imepita. Ilipita Jumamosi iliyopita, bila wewe. Namwita mwanao kwa sababu ndivyo kilivyoandikwa cheti chake cha ubatizo, ingawa tangu mama yake afariki na wewe uniachie mtoto “kwa muda mfupi tu”, aliyemkata kucha na kumpeleka shule ni mimi.

Unakumbuka kwamba siku yenyewe ilikuwa tarehe mbili. Ulipiga simu ukaomba tuisogeze wiki moja mbele, eti upate nafasi. Nilikwenda mwenyewe kwa wakwe, nikakaa kwenye kiti chao na goti hili, nikawabembeleza. Walikubali kwa shingo upande. Kijana wao, Jean-Berchmans, mchumba wa Natacha, ndiye aliyenisaidia kuwatuliza.

Lakini pombe haibembelezwi. Urwagwa wetu wa ndizi nilikuwa nimeshauandaa kwa tarehe mbili. Ndizi nilizikata shambani kwangu nyuma ya nyumba, nikazifukia shimoni na majani yake, nikazipulizia moshi kama bibi alivyokuwa akifanya. Natacha, ambaye siku hizi anafundisha kemia sekondari, alisimama juu ya shimo akinipa somo. Alisema ndani ya moshi ule kuna gesi inayoitwa etileni, na ndizi nayo huitoa yenyewe inapoiva, na ndiyo inayoziambia nyingine ziive. Eti gesi hiyo ni atomi mbili za kaboni zilizoshikana kwa mikono miwili, na wakati wowote zinaweza kuachia mkono mmoja zimshike mgeni. Nilimwambia bibi hakujua kaboni na pombe yake ilinywewa hadi Bugesera. Tulicheka sana siku hiyo. Bado tulikuwa tunakutegemea.

Tukakamua, tukachuja, tukatia unga wa mtama uliokaangwa. Natacha akasema sukari ya ndizi sasa inageuka ethanoli, ndiyo pombe yenyewe, nayo pia ina kaboni mbili. Tukalifunga dumu vizuri, kwa kuwa kibuyu cha kwanza lazima kionjwe na baba wa binti mbele ya wageni. Mila unaijua. Mwenyeji ndiye anayetangulia kuonja, ili mgeni aone kwamba hakuna sumu.

Sasa sikia tulivyofanya wiki ile ya kukungoja. Shangazi Athanasie alikuja Jumapili akasema hatuwezi kumpa baba wa binti kitu ambacho hatujakihakikisha, akafungua dumu, akaonja. Kesho yake wazee wa kanisani wakaonja, kwa heshima yako. Mimi nami nilionja kila jioni, kwa wasiwasi. Natacha alikuwa anapiga kelele: “Shangazi, musifunguefungue! Munaingiza hewa!” Hatukumsikia. Tulimwona mtoto anayeleta masomo kwenye mambo ya wakubwa. Kila tulipofungua, hewa iliingia na vijidudu vyake, na ethanoli ikawa inageuka asidi. Kufika Ijumaa lile halikuwa tena dumu la pombe. Lilikuwa dumu la siki, na sisi kwa kuonjaonja ndimi zetu zilikuwa zimeshazoea, hata hatukutambua.

Jumamosi asubuhi ukatuma ujumbe kwamba umekwama mpakani, gari limeharibika. Nililia bafuni ili Natacha asinisikie. Yeye alikuwa ameshavaa mshanana, vazi lake la sherehe la rangi ya dhahabu, kila pikipiki ikipita anachungulia dirishani.

Mtu wa kukaa kwenye kiti chako alikuwa Habumugisha, jirani yetu seremala, yule uliyemcheka mwaka ule kwamba ana mbuzi wengi kuliko akili. Nilimwita dakika ya mwisho. Alinawa mikono yenye gundi, akaazima koti, akaja.

Kibuyu kikaletwa. Akavuta kwa mrija mara moja. Mimi nilikuwa nimekaa karibu, harufu ikanifikia, ndipo nikatambua kwamba ni siki. Wakwe wote wanamtazama usoni. Angekunja uso tu, wangesema tumewapa uchachu kuonyesha hatuwataki, tena baada ya kuwacheleweshea siku. Natacha aliinamisha kichwa.

Habumugisha hakukunja uso. Alivuta tena, na tena, akakausha kibuyu kizima, machozi yakimlengalenga. Kisha akasema: “Wageni, musinichukie. Hii iko tamu sana, mimi siwezi kuigawa. Yote iko yangu! Nyinyi mulete Fanta na bia za chupa!” Watu wakavunjika mbavu. Mkwe mkubwa akampigia makofi kwa uchoyo wake, na posa ikaendelea hadi mwisho wake mzuri. Siku ya pili yake yote Habumugisha alilala amejishika tumbo. Waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo hawakujua kwamba litakaloumia ni tumbo la jirani.

Juzi Karangwa akaja na mzigo wake. Nikamuuliza kama alikuona mpakani. Akashangaa. Alisema Jumamosi ile alikukuta dukani kwako, umekaa barazani unacheza karata. Silvère, gari gani hilo liliharibika? Kama uliona aibu kuja baada ya miaka yote hii, ungesema unaona aibu. Aibu ningeielewa. Uongo huu umenichoma.

Natacha alisikia kila kitu, maana alikuwa jikoni. Hakulia. Nilipotaka kumfariji nikamuuliza upuuzi, kama siki inaweza kurudi kuwa pombe. Alifikiri kidogo, kama anavyofanya anapojibu wanafunzi wake. Alisema inawezekana, kaboni ni zilezile mbili, hazijapotea. Lakini inahitaji dawa kali, na mtu wa kusimama pale maabara mwenyewe, mikono yake kazini. Ukiiacha inangoja tu, hairudi. Halafu akaenda kumpelekea Habumugisha uji, na nilimsikia ugani akimwita baba.

Ndoa ya kanisani ni tarehe thelathini mwezi huu. Habumugisha ndiye atakayemsindikiza hadi altareni, Natacha ameshamwomba. Sikukatazi kuja. Ukija, utakaa na wageni.

Nisalimie mkeo, na watoto wote, hasa huyo mdogo wa kike ambaye hatujawahi kumwona. Shangazi Athanasie anakusalimu. Natacha nilimuuliza kama ana salamu, akasema barua ni yangu. Mungu akulinde, Silvère, na akupe moyo wa kupanda basi.

Ile siki sijaimwaga. Dumu liko chini ya kitanda changu, limefungwa. Siku yoyote utakayofika, nitakuwekea kibuyu na mrija, na utaonja wewe kwanza, kama mila inavyotaka.

Mimi dada yako, ninayekupenda na kukukasirikia kwa moyo uleule,

Illuminée