Skrubu ya Kushoto

Mlalo, Lushoto
Jumatano

Kwa kaka Benjamini,

Shikamoo. Natumaini hujambo hapo Tanga, pamoja na shemeji Eliza na watoto. Huku tu wazima, ila baridi ya mwaka huu haina adabu. Mama amevaa lile koti lako la zamani na hataki kulivua hata jikoni. Anakusalimu sana.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ipo. Soma tu, utaelewa.

Kijiko chako cha kusukuma udongo kimepona! Jana kimesawazisha kiwanja cha zahanati ya usharika kutwa nzima bila kulegea. Aliyekiponya ni mwanamke, Evelina, fundi wa haidroliki kutoka Mombo. Alifika na mkoba wake wa spana, akawaamkia wazee mmoja mmoja. Mzee Fanueli anayesimamia ujenzi akauliza fundi mwenyewe atafika saa ngapi. Evelina akamjibu kwa heshima kwamba fundi ameshafika, ila shikamoo yake bado haijaitikiwa. Loo, tulicheka mpaka mzee naye akacheka.

Ugonjwa nilikueleza: kikiwa baridi kinakwenda, mafuta yakipata moto magurudumu ya kushoto yanalegea, kijiko kinabaki kuzunguka palepale. Mimi nilishahukumu kwamba mota inayozungusha magurudumu ya kushoto imekufa. Evelina hakubishana nami. Alipima mafuta, akakagua chujio, kisha akabadilisha mipira inayopeleka mafuta ya pampu kwenye mota, ya kulia akaifunga kushoto na ya kushoto kulia, akaniambia niendeshe mpaka kipate moto. Weee! Ulegevu ukahamia kulia. Akaeleza kwamba kama mota ingekuwa mbovu, ugonjwa usingehama. Basi mota zote nzima, tatizo liko kwenye pampu. Miaka tisa naendesha mitambo na sijawahi kuwaza hivyo. Yule mama ana kichwa, tena hana majivuno hata chembe.

Akarudisha mipira mahali pake, akainama kwenye pampu, akakaza kitu kimoja kwa spana. Akawaambia wazee kwamba ilikuwa shida ndogo ya mtambo na imekwisha. Akina mama wakapiga vigelegele.

Sasa kaka, kaa chini. Siku kijiko kilipoletwa, betri yake ilikuwa imekufa na lori lililokibeba likashindwa kilima cha mwisho kwa tope. Mbiu ya msaragambo ikapigwa, kijiji kizima kikatoka kukivuta kwa kamba. Ili magurudumu yawe huru, nilifungua skrubu mbili kwenye pampu. Tulipofika juu nikaikaza ya kulia. Ya kushoto niliizungusha kwa vidole tu, kwa sababu ugali ulishapakuliwa, na unajua chakula cha msaragambo hakiguswi mpaka wote wamekaa. Watu sitini walikuwa wananingoja mimi. Nikaenda kula, nikasahau.

Halafu nikakupigia simu kwamba Twaha ametuuzia kijiko kibovu. Ukamwita mwizi, rafiki yako wa tangu darasa la kwanza, ukaapa hukanyagi harusi ya binti yake Ilham. Twaha hakuiba kitu. Mwizi wa jina lake ni mimi.

Ulegevu ulipohamia kulia nilikumbuka, nikajifanya nakagua magurudumu. Evelina alijua alipoigusa tu skrubu, lakini hakuniaibisha mbele za watu. Aliniita pembeni, akaniambia aliyemtuma kuja kwetu ni Twaha mwenyewe, na kwamba yeye hatamweleza kitu; hilo ni langu. Akaniambia niandike, maana kwenye simu nitajitetea. Nimeona aibu, kaka, na nimempenda kwa hilo kuliko hata ufundi wake.

Barua hii anashuka nayo yeye, ataikabidhi kwa kondakta wa basi la Tanga. Mimi kesho nashuka Mombo kumwangukia Twaha. Nisamehe.

Msalimie shemeji, na watoto uwabusu. Jumamosi nenda harusini. Evelina anasema Twaha bado amekuhesabu kwenye wazee wa kumsindikiza Ilham, na kila anayeomba nafasi hiyo anaambiwa ina mwenyewe.

Mdogo wako mwenye kosa,
Clemence