Kikao cha Wapangaji Kuhusu Chumba cha Chini na Mtoto Asiyetoka Jasho

TAREHE: Jumapili ya kwanza ya kiangazi, saa nne asubuhi.
MAHALI: Uani, karibu na tangi la maji.
WALIOHUDHURIA: Fundi Bomba (Mwenyekiti), Mama Mapacha, Mshonaji, binti wa Katibu na mwanawe wa kiume, na Katibu mwenyewe, ambaye hajakosa kikao hata kimoja tangu nyumba hii iezekwe.
HAKUHUDHURIA: Dereva. Alisema amechoka. Kila siku amechoka.
MGENI: Muuguzi wa zahanati.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA
Mwenyekiti aliomba watu wasimame kidogo kwa ajili ya mjukuu wa kwanza wa Katibu, aliyefariki kiangazi kilichopita katika chumba cha juu, chini ya bati. Watu walisimama.

KUMB. NA. 2: OMBI LA BINTI WA KATIBU
Aliomba ahamishwe kutoka juu apewe chumba cha chini chenye sakafu baridi, kwa kuwa huyu mwanawe wa pili naye kichwa hakina unywele, ufizi hauna jino, hatoki jasho, na mwili unachemka vilevile kama wa marehemu. Chumba hicho ni cha Katibu. Katibu alieleza kwamba alikipata kwa haki na hatoki ng'o. Aliongeza kwamba ugonjwa umeletwa na wakwe, ukoo ule anaujua.
Mama Mapacha alisema, "Haya, wakwe tena! Babu wewe, hata bomba likipasuka ni wakwe."
Katibu aliomba ajenda iendelee, kwa heshima yake mwenyewe.

KUMB. NA. 3: MAELEZO YA MUUGUZI
Muuguzi alieleza kwamba mtoto akiwa tumboni, ngozi yake huwa tupu. Iko protini, kama mjumbe, inatoka kwenye chembe hai moja ya ngozi kwenda kuwaambia majirani: wewe ota unywele, wewe ota jino, wewe fungua tundu la jasho. Kwa watoto hawa protini hiyo ni mbovu, ujumbe haufiki. Na pasipo jasho, joto halina pa kutokea. Alisema si uchawi wala si wakwe. Baba humrithisha binti, na binti naye, hata asipougua mwenyewe, huweza kumrithisha mwanawe.

Katibu alimkatiza, akasema kutotoka jasho si ugonjwa, ni nguvu. Yeye hajatoka jasho tangu azaliwe, na mawe ya msingi wa nyumba hii kayabeba yeye, vijana wa sasa hawamfikii.



Mshonaji aliuliza, "Na lile shati unalolowesha kwenye tangi kila mchana ukalivaa bila kulikamua, babu, ni la nini?"

Muuguzi alimwomba Katibu avue kofia. Katibu alikataa. Binti yake alisema, "Vua, baba." Katibu alivua. Unywele haukuwepo, na haujawahi kuwepo.

KUMB. NA. 4: UAMUZI
Iliamuliwa mama na mtoto wahamie chini leo hii. Mwenyekiti alipendekeza Katibu abaki nao humo humo. Katibu alikataa, akaweka ufunguo mezani, akasema atapanda juu yeye.
Binti yake alisema, "Baba, kule utakufa."
Katibu alijibu kwamba mjukuu wake alikaa kule kule, na babu yake hakumpisha.
Mwenyekiti aliomba maneno hayo yasiandikwe. Anayeandika ni Katibu.

KUMB. NA. 5: KUFUNGA
Watu waliinuka saa sita kasoro, bati likiwa limeanza kulia kwa jua. Fundi Bomba alibeba godoro la Katibu kulipandisha juu.

Mwenyekiti: (sahihi) Fundi Bomba
Katibu: (sahihi) chumba cha juu