Kipande cha Bomba Jikoni

Mwanangu,

Huku hatujambo, paka kazaa tena. Mabomba ya chuma yanang'olewa mtaa mzima. Yameliwa na kutu, watu wameongezeka, mvua hazieleweki, na maji yalikuwa yanaishia ardhini. Sasa ni plastiki, na presha yake karibu inipokonye sufuria!

Ila plastiki ni bubu. Unakumbuka marehemu baba yako alivyokuwa akigonga bomba kwa spana huko kazini mchana, mlio ukifuata chuma hadi jikoni, nami najua anakuja kula? Nilimwomba fundi aniachie kipande cha chuma ukutani. Kakikata ncha zote mbili, hakijaungwa na kitu.

Jana mchana kiligongwa.

Usiniletee daktari, nakujua. Nilipakua tu sahani mbili, nikaacha mlango wazi.

Mama yako