Birika Lako, Bibi, Limekuwa Kombe

Majengo,
Meru.
Jumapili, 16 Septemba 1956

Mpendwa mke wangu, Bibi Rahema,

Salaam nyingi zikufikie huko Jinja, wewe na shangazi na watu wote wa nyumba. Miguu yaendeleaje? Na kile kikohozi? Je, huko Uganda umeshapata mume mwingine, au bado waningoja mimi mjukuu wako? Kama yupo, mwambie mwenye mali yu hai, ana miaka kumi na tisa, na anafunga magoli. Sisi huku tu wazima kabisa. Baba anauza nyama, mama anatugombeza, na dada Kibibi anajaribu hina kila siku utadhani harusi yake ni kesho asubuhi.

Mwanatatu binamu yangu, wewe unayemsomea Bibi, soma polepole, na usiruke mahali ninapojisifu. Shule niliacha darasa la nne kwa hiari yangu na ya mwalimu, lakini mwandiko wangu unasomeka.

Bibi, barua yako ya mwezi wa saba tuliipata. Ulisema harusini hutakuja, safari ni ndefu, miguu imechoka, na hii Hali ya Hatari ya kuulizwa makaratasi kila darajani huiwezi. Ukasema birika lako la shaba, lile alilokuletea marehemu babu, ndilo litakalokuwakilisha. Siku hiyo likiwamiminia wageni chai, tuhesabu kwamba upo. Mama alilia. Kibibi alilia. Mimi sikulia, nililichukua birika nikalisugua kwa majivu na ndimu mpaka nikajiona uso. Mambo yote yalianzia hapo, kwa hiyo ukitaka kulaumu, laumu usafi.

Wiki hiyohiyo nilikuwa buchani, namfungia maini mama Ciakuthii wa Kianjai, nikaona kwenye gazeti kuukuu habari za Ulaya. Wazungu wameanzisha mashindano, kila nchi inatoa timu moja, ile iliyo bingwa wa ligi ya kwao, kisha mabingwa wanakutana. Unakwenda kwao, nao wanakuja kwako, halafu magoli ya mechi mbili yanajumlishwa. Mwaka huu timu ya Madrid ya Hispania imewashinda Wafaransa nne kwa tatu, ikabeba kombe. Nikachana kile kipande nikakitia mfukoni. Kilichobaki kikaenda na maini.

Nikajiuliza, bingwa wa ligi ya Meru ni nani? Ni sisi Majengo! Kaaga tuliwafunga, Kianjai tuliwafunga, Kibirichia walifika uwanjani wamechoka kwa kupakia viazi, tukawafunga bila huruma. Na bingwa wa Embu ni timu ya Njagi, yule fundi baiskeli. Sasa niambie, Embu si nchi nyingine? Kuuvuka tu mto Thuci unatakiwa pasi, barua ya chifu, na useme unamfuata nani. Sidhani Madrid waliulizwa yote hayo.

Nikamwandikia Njagi. Akajibu mstari mmoja tu: "Tuko tayari, lakini kombe liko wapi?"

Bibi, keti kwanza. Kama umeketi, egemea ukuta. Kombe ni birika lako.

Usimtupie Mwanatatu kiatu, yeye anasoma tu. Kombe la Ulaya lina masikio mawili, lako lina sikio moja na mdomo, lakini kwa kung'aa nani alishinde? Tena nilijua halitatoka Meru, maana mchezaji ni mimi.

Tulikwenda Embu Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu, juu ya lori la mzee Kithaka la ngozi za ng'ombe, ngozi mbichi chini yetu. Muthamia, fowadi wetu kutoka Kibirichia, mwenye mguu kama mchi, alinyimwa ruhusa ya kutoka wilayani pamoja na wenzake wawili. Sisi Waswahili wa Majengo hatusumbuliwi sana, lakini Mmeru bila karatasi havuki ule mto. Tukabaki wanane. Ikabidi tumchezeshe dereva, utingo wake, na mzee Kithaka mwenyewe awe beki.

Mzee alicheza na koti lake. Kila mpira ulipokwenda upande wa pili yeye alikaa chini apumzike. Njagi akampita mara mbili amekaa. Mara ya tatu akamkuta amesimama, basi akamwamkia kabisa, "Shikamoo, mzee." Mzee akasimama wima, akajibu, "Marahaba, mwanangu." Goli likaingia.

Wakatufunga matatu. Letu lilikuwa moja, na nililifunga mimi. Siri yake nakupa wewe tu: tulinuka zile ngozi hata hakukuwa na beki aliyetaka kunikaribia.

Kurudi, Bibi, sikucheka tena. Matatu kwa moja! Tukishindwa, birika linakwenda Embu, Kibibi anaolewa bila chai yako, na mimi namwangaliaje mama? Kibibi aliniuliza birika liko wapi, nikasema nalisugua zaidi, kumbe nimelificha buchani nyuma ya mizani. Wiki mbili nzima nilikata vidole kuliko nyama.

Jana ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Njagi alikuja na watu wake wote kumi na mmoja, wana karatasi zao, ila zilisema saa kumi kamili wawe wameshaondoka Meru. Mwalimu Mbaabu wa Kaaga alikuwa refa. Birika nililiweka juu ya meza na utepe mwekundu shingoni. Watu walijaa mpaka juu ya paa la mabati la posho-mili.

Muthamia, safari hii yupo nyumbani kwao, akapiga mpira kabla ya mapumziko, ukampita golikipa ukaangukia kikapu cha ndizi cha mama Ciakuthii. Moja! Tukahangaika, tukahangaika. Saa kumi kasoro dakika tano ikapigwa kona, nikaruka juu ya watu wote, nikaweka la pili. Wako wanaosema mpira ulinigonga mgongo nikiwa nimegeuka. Ni wivu, Bibi, usiusikilize.

Filimbi ikalia. Tumeshinda mawili bila! Nikakimbia kwenye meza, Njagi naye akakimbia. Akaniambia, "Idrisi, ulisema magoli yajumlishwe. Jumlisha basi."

Matatu yao na moja letu, mawili yetu na bila yao. Tatu kwa tatu.

Nikatoa kile kipande cha gazeti nikasoma mbele ya watu wote: "Na iwapo magoli yatalingana..." Hapo ndipo nilipochana. Watu wakamgeukia mama Ciakuthii. Akaweka mikono kiunoni, "Mnanitazamia nini? Mimi nilikula maini, sikula sheria. Lile gazeti niliwashia moto!"

Basi ikawa kelele. Huyu anasema mechi ya tatu ichezwe pale mtoni, yule anasema karatasi za kwenda mtoni atatoa nani? Katikati ya kelele umati ukafunguka, nikamwona mama. Mwenye kumwambia bado simjui, nikimjua nitamuuzia mifupa mitupu mwaka mzima. Alilitazama birika, akautazama ule utepe, akanitazama mimi. Akalibeba kwapani.

"Hili lina mwenyewe," akasema. "Ni la mama mkwe wangu."

Njagi akavua kofia. "Hatutaki ugomvi, mama. Basi mwenyewe ndiye aamue liende wapi."

"Yuko Jinja. Ataandikiwa barua."

"Barua ataiandika nani?"

Watu wote wakanitazama, Bibi. Hata Muthamia wa timu yangu.

"Huyu hapana," Njagi akasema. "Huyu tunamjua. Na jibu likija atalisoma yeye. Mwenyewe aje aseme kwa mdomo wake, sote tukisikia."

Mwalimu Mbaabu akapuliza filimbi, maana yake imepita, na Embu wakapanda lori lao mbio.

Mpaka sasa birika liko ndani ya sanduku la mama, ufunguo kiunoni mwake. Amesema halitammiminia mtu chai mpaka kesi yake iishe. Harusi ni Jumamosi tarehe 6 Oktoba. Timu ya Embu imealikwa, na kesho wanaanza kuomba karatasi.

Kwa hiyo unaona mwenyewe, mke wangu. Birika haliwezi kukuwakilisha tena, limefungiwa. Itabidi uje wewe. Panda gari la moshi mpaka Nairobi, kisha lile la Nanyuki, nami nitakungoja stesheni na lori la mzee Kithaka. Nitaliosha mara tatu. Usipitie Embu hata kidogo, Njagi asije akakuhonga.

Naweka utani pembeni kwa mstari mmoja. Jana nilipomwambia Kibibi kwamba huenda ukaja, alinisamehe yote palepale, na hina ikamharibikia kwa kufuta machozi.

Ukiamua birika liende Embu, nitalipeleka mwenyewe, kichwani. Lakini uamue ukiwa umesimama hapa uani kwetu.

Nisalimie shangazi, na Mwanatatu aliyekauka koo kwa kusoma. Baba, mama na Kibibi wanakusalimu. Mama Ciakuthii anasema maini yalikuwa matamu. Mungu akupe nguvu za miguu, akuvushe kila daraja bila kuulizwa, akufikishe mlangoni tukulaki.

Mimi mumeo mdogo nikupendaye kuliko hao wa Jinja,

Idrisi, mfungaji (kwa kichwa)