Viatu vya Kijani katika Tabaka la Chini

Bulengera, Butembo
Tarehe 17 mwezi wa pili, 2002

Mulamu wangu mpendwa Agar,

Pokea salamu za mwaka mpya, ingawa zimechelewa. Kifua chako kimepona huko Kampala? Na Bénie, meno ya nyuma yameota? Sisi tunapumua. Maman anatembea kwa fimbo, lakini sauti yake ni ile ile. Majirani wanaisikia bila kutaka.

Barua hii inahusu mume wako, mdogo wangu Kahongya. Keti kwanza, kisha usome. Tumempata.

Mvua ya tarehe 28 mwezi wa kwanza ilibomoa ukingo wa lile shimo la udongo wa matofali, chini ya njia ya Beni. Asubuhi mbwa walikuwa wakibeba mikono ya watu. Paroko aliomba wafukuaji, ili wafu wazikwe upya. Nilikwenda na Ananie, mfyatua matofali, na mwalimu Xavier kutoka Moanda, aliyetufundisha jiografia. Ni yule tuliyemwita Papa Konokono kwa sababu ya jiwe lake lililojikunja.

Jiwe hilo, amoniti, lilimponza mwaka jana. Askari wa kizuizi cha barabarani walidhani lina dhahabu. Akawaeleza umri wa jiwe. "Miaka milioni mia moja? Na wewe ulikuwa wapi?" mmoja akamwuliza, wenzake wakacheka. Kisha akampiga nalo kwenye taya mpaka mfupa ukatoka nje. Sasa anasema maneno machache tu.

Darasani alitufundisha hivi: amoniti ni mnyama wa bahari za kale. Kila aina iliishi muda mfupi, ikaisha, lakini ilikuwa imeenea mbali. Basi ukikuta aina moja katika miamba miwili ya wakati wa Crétacé, hata kama imeachana sana, ujue matabaka hayo ni ya wakati mmoja. Mnyama aliyeishi muda mrefu bila kubadilika hakuambii kitu. Niliyaandika daftarini nikapata alama nzuri. Sikujua yatanihukumu.

Shimoni mwalimu alitukataza kufanya haraka. "Hapana kuchanganya. Ba juu peke yabo, ba chini peke yabo."

"Mais lakini mwalimu, hawa si mawe yako," Ananie akasema.

"Najua. Mawe hapana kufungwa kamba."

Juu walikuwa watu kumi na mmoja, mikono nyuma, vichwa vimepasuliwa kwa panga. Wanawake wawili walivaa pagne, kile kitenge cha Jubilei ya kanisa kilichotoka mwaka 2000. Hao ni watu wetu waliouawa tarehe 5 mwezi wa kumi na moja mwaka huo. Chini yao kulikuwa na udongo mwekundu ulioletwa na mvua, kina cha mkono mzima, bila mtu ndani. Na chini ya udongo huo, watu sita waliopigwa risasi kisogoni. Watatu walivaa viatu vya plastiki vya kijani.

Nilikwenda nyumbani kufungua shajara yangu. Tarehe 20 mwezi wa sita 1998: "Viatu vya kijani vimefika kutoka Uganda. Mji mzima unavivaa, hata Beni na Kamango." Mwezi wa nane vita vilifunga njia, havikuja tena. Na unajua havikumaliza miezi mitatu kwenye njia zetu za mawe. Kwa hiyo hao sita walikufa mwaka 1998.

Mmoja wao alikuwa na mguu wa kushoto mfupi. Kiatu chake kilikuwa kimeongezwa kipande cha tairi, kilichoshonwa kwa uzi wa kuvulia samaki. Agar, mshono ule ni wako.

Aliondoka kwenda Beni tarehe 11 mwezi wa tisa 1998, amevaa koti lake la njano. Hakufika hata kilomita mbili.

Sasa neno langu. Siku ya mauaji ya mwaka 2000, nikiwa nimejificha ndani ya mihogo, nilimwona mtu akitangulia askari, akiwaonyesha milango. Uso sikuuona. Alivaa koti la njano la Kahongya, lenye kiraka begani. Mbele ya ukoo nikasema: nimemwona Kahongya. Kwa neno hilo walikupiga ukiwa na Bénie mgongoni, wakachoma nyumba yako. Mimi nilisimama nikitazama. Koti linaishi muda mrefu, mulamu. Linavuliwa kwa maiti, linavaliwa na aliyeua.

Jumapili niliyasema haya mbele ya ukoo wote, shajara mkononi. Abdias, aliyewasha moto ule, alisoma kurasa zote mbili, ule wa viatu na ule wa siku ya mauaji, akanirudishia shajara. Wamekubali kufanya kilio ambacho Kahongya alinyimwa, na nyumba itajengwa mahali pake. Kuja au kutokuja, ni wewe utakayeamua.

Wengine tumewazika. Yeye yuko ndani ya sanduku kwa paroko, anakungoja. Kiatu nimekiacha mguuni.

Maman, mke wangu Florentine na mwalimu Xavier wanawasalimu. Mwambie Bénie kwamba baba yake hakumwongoza mtu yeyote kwenye mlango wa mtu. Mungu awalinde njiani, na njia iwe wazi.

Ukurasa wa siku ya mauaji sikuuchana katika shajara. Paliposema "Nimemwona Kahongya", nimeandika chini yake kwa tarehe ya leo: "Niliona koti."

Mulamu wako akupendaye, aliyekukosea,
Malachie