Somo Yangu, Binti Mahadhi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Bibi Hafswa ameamka na neno lile lile. Dadake. Yapata miaka sabini hajamtia machoni, na bado akimtaja sauti humshuka. Mimi ndiye niliyepewa jina lake, Hindu. Hindu ni somo yangu, na kwa sababu hiyo Bibi huniita dada, hata mbele za wageni.

Mambo yenyewe ni haya: shamba la Takaungu liliachwa na babake Bibi, mzee Mahadhi. Hati inataja warithi wawili, Hafswa binti Mahadhi na Hindu binti Mahadhi. Ami Muzammil, mwana wa Bibi na mdogo wa marehemu babangu, ana mnunuzi. Bibi hataki kusikia habari za kuuza mpaka ijulikane kama Hindu yu hai, na kama alikufa, aliacha nani. Kadhi naye kasema hivyo hivyo: leteni ushahidi. Tunarudi mahakamani tarehe 22.

Jioni Bibi kanishika goti. "Nikifa, fungu lake nitaulizwa mimi. Si Muzammil."

Nikamwambia nitamtafuta. Kwa ujasiri gani, sijui. Nianzie wapi?

Jumatano, 8 Oktoba

Fridah, mwenye duka la dawa ninalofanyia kazi hapa Muyeye, Malindi, kanipa ruhusa huku kanuna. Nikaenda maktaba. Mkutubi, Jedida, kanikalisha kwenye kompyuta. Nikaandika "Hindu" — subhanallah! Mahekalu. Harusi za Wahindu. Sikukuu ya taa. Mahali pa kuchomea maiti. Kurasa na kurasa! Jedida akaniuliza kama ninasomea dini za watu. Nikamwambia namtafuta nyanya yangu, Mwislamu wa Takaungu. Kacheka, kisha akaona mimi sicheki.

Nikajaribu "Mahadhi". Mahadhi ya taarabu, mahadhi ya kasida, mahadhi ya ngoma za harusi. Babu mzima kageuka wimbo.

Nimerudi na kichwa kinagonga. Bibi kaniuliza, "Umempata?" Nikasema bado. "Bado" — kana kwamba niko karibu.

Jumanne, 14 Oktoba

Mombasa. Nimelala kwa binamu ili niwahi kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali. Afisa aliyenihudumia ni Bwana Musyoka, mtu wa makamo, mtaratibu. Alinieleza mapema nisitumaini sana: enzi zile mwanamke aliandikwa binti fulani au mke wa fulani, jina lake mwenyewe mara nyingi hata halikuulizwa. Kaniletea majalada ya Malindi na Kilifi, rundo hadi kidevuni.

Kesi za minazi. Kesi za mbuzi. Mwanamke mmoja kafika mbele ya Liwali mara tatu, na mara zote tatu ni "mke wa Shee". Nilitaka kulia kwa ajili yake na hata si wangu.

Jumatano, 15 Oktoba

Hindu binti Said. Hindu binti Athman. Hindu, baba hakutajwa. Binti, binti, binti. Macho yananiuma.

Alhamisi, 16 Oktoba

Nimempata! Nimempata somo yangu!

Taarifa ya mwaka 1957, darasa la ushoni la wasichana, Malindi. Picha ya wasichana sita na mwalimu wao Mzungu. Majina yako chini, na wa pili kutoka kulia: Hindu Mahadhi. Uso wa mviringo, leso imekaza kidevu, hatabasamu. Kisha katika taarifa ya mwaka uliofuata, maonyesho ya Kilifi: zawadi ya kwanza ya kofia za kushona kwa mkono, Hindu binti Mahadhi wa Takaungu.

Bibi husema dadake aliozwa mwaka 1956 kwa mtu wa Faza, visiwani, akachukuliwa, zikaja salamu mara moja, kisha kimya. Kumbe alirudi! Alikuwa Malindi! Nilimwonyesha Bwana Musyoka. Kanipa pole kwanza, halafu hongera. Nadhani kachanganyikiwa na machozi yangu.

Nimepiga picha zote kwa simu. Safari nzima ya kurudi nimemtazama yeye tu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Sijui niandikeje.

Baada ya swala nilimkalisha Bibi barazani, nikaikuza picha kwenye simu. Nikamwekea kidole kwenye uso ule.

"Huyu si Hindu," kasema. "Huyu mimi."

Nikamsomea jina. Akasema anajua, aliliitikia jina hilo miaka miwili. Nafasi ya darasa ilikuwa ya dadake. Mwalimu alikwisha kumwandika. Alipoozwa, baba yao akamwambia Hafswa aende yeye, aseme yeye ndiye Hindu. Mzungu hakujua tofauti.

Na kofia ya Kilifi? Kofia kashona yeye. Zawadi kachukua yeye. Walipoita jina alitoka mbele.

"Hindu ndiye aliyetaka kusoma," kasema. "Alilia siku ile, akanipa sindano zake."

Akajifunika uso kwa mtandio. Nikabaki na simu mkononi. Siku zote hizi nimemfuata nani? Nimemfuata Bibi mwenyewe, niliyemwacha nyumbani.

Jumapili, 19 Oktoba

Ami Muzammil kaja na samaki na maneno matamu. Habari ya picha kaisikia, na haikumsikitisha hata kidogo. Kasema hati haina mwaka wa kuzaliwa, ina jina tu. Mimi ni Hindu, na babangu alipewa jina la babu yake Mahadhi. Kwa hiyo mimi ni Hindu binti Mahadhi, na kitambulisho kinasema hivyo.

Nikamwambia kadhi ana macho.

"Atamuuliza mama: huyu ni Hindu binti Mahadhi? Mama atasema ndiye. Uongo uko wapi?" Akageuka kwa Bibi. "Jina umelivaa miaka miwili. Mtoto atashindwa kulivaa asubuhi moja?"

Bibi aliendelea kuchambua mchele. Mimi nilisema siwezi, lakini nilisema chini chini, na Ami alikwisha kuvaa viatu.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimepiga simu Faza, kwa mwalimu mmoja niliyeelekezwa. Mpole sana. Nikamuuliza kuhusu Hindu aliyeletwa kutoka Takaungu zamani. Akasema huko kila nyumba ina Hindu, wa mume gani? Bibi hamkumbuki mume kwa jina. Alimwita "shemeji" tu.

Bwana Musyoka naye kajibu ujumbe: hakuna kingine.

Nimemwambia Bibi sina ushahidi. Nimemwomba radhi. Kaniuliza tu kesho tunaondoka saa ngapi.

Jumatano, 22 Oktoba

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kadhi. Ami yuko dirishani na simu, nadhani na mnunuzi. Kitambulisho changu anacho yeye; kakichukua mlangoni, eti aandikishe majina. Nilimwachia. Kwa nini nilimwachia?

Bibi yuko kando yangu. Kavaa buibui jipya. Nimemuuliza atasema nini akiulizwa. Kasema, "Wewe kaa."

Nikae vipi? Nikikataa mbele ya kadhi, namwaibisha Ami, na yeye na Bibi hawatazungumza tena. Nikikubali, somo yangu atakuwa amefutwa, na mkono uliomfuta ni wangu.

Karani katoka. Ana karatasi. Ameita Hafswa binti Mahadhi. Bibi hakutikisika. Ameita mara ya pili. Ami ananikonyeza.

Sasa anaita Hindu binti Mahadhi.

Sijainuka. Bibi ameinuka, anatengeneza mtandio, anaitika jina la dadake, kama siku ile ya Kilifi —