Panya wa Asubuhi, Panya wa Jioni

3 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, ila chumba changu kimya mno; siku nyingine naongea na panya wa maabara, nao hata hawanitazami. Mgongo wako je? Na binti yangu?

Kazi imeiva! Tunarekodi mawimbi ya ubongo wa panya wenye usonji kama wake, na wa panya wasio nao, halafu tunaifundisha kompyuta iwatofautishe. Katika mia inapatia tisini na sita. Nikimaliza ripoti, Desemba niko nyumbani, na simwachi tena. Bado anaziba masikio?

Mwanao

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uzee tu. Yaani wewe uliyekuwa ukiona panya unapanda juu ya meza, leo ndio wenzio! Makubwa.

Masikio anaziba bado. Asubuhi ametulia kama maji mtungini; jioni, ole wako umguse. Sasa nikuulize, maana mimi shule sikwenda sana: hao panya wa aina mbili mnawapima wakati mmoja?

Mama

9 Juni

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kunyamaza, ni aibu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikakimbilia daftari. Wasio na usonji wote tuliwapima asubuhi, wenye usonji jioni. Mhudumu wa vizimba ndivyo alivyopanga, na mimi sikuuliza. Kompyuta haikujifunza usonji, imejifunza saa! Nilipowapima wale wa asubuhi wakati wa jioni, ikasema karibu wote wana usonji.

Tunaanza upya, miaka miwili. Desemba siji. Nimelia, Mama, sikufichi. Ila niambie, ameanza kusema? Analala? Bado anaziba masikio?

Mwanao

30 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Pole, kuteleza si kuanguka.

Hasemi. Analala. Anaziba. Juzi ametimiza miaka tisa. Barua zako tangu mama yake atutoke ninazo zote, na jana nimezirudia moja moja. Kila moja unauliza masikio, usingizi, ulimi. Hakuna hata moja uliyouliza anapenda nini. Panya watakungoja, wamefungiwa. Huyu anakua.

Mama

17 Agosti

Mama,

Shikamoo. Nimeandika karatasi tatu nikazichana. Nilitaka kukubishia, nikuonyeshe kwamba mwanangu namjua. Nikaandika “anapenda”, nikakwama hapo hapo, kalamu mkononi, mpaka chai ikapoa.

Anapenda nini, Mama?

Mwanao